Muulize Fundi: Vifaa vya umeme vinapovuka mpaka

Fundi, shikamoo. Dada yangu ameishi Houston, Marekani, miaka mingi na sasa anarudi nyumbani. Tunataka kufungua saluni hapa Tabata. Kwenye kontena anaweka draya za mkono, pasi za nywele, blenda, mikroweve na friji kubwa la milango miwili. Muuzaji mmoja Kariakoo ameniambia ninunue adapta tu, kila kitu kitafanya kazi. Ni kweli? – Mama N., Tabata

Marahaba, mwanangu. Si kweli, na nakuomba umpigie dada yako simu leo, kabla kontena halijafungwa.

Adapta kazi yake ni moja tu: kuiwezesha plagi ya miguu miwili bapa iingie kwenye soketi yetu ya matundu matatu. Umeme unaopita ndani yake ni uleule wa TANESCO, volti 230. Kule Houston soketi inatoa volti 120. Kifaa cha kupasha joto ukikipa karibu mara mbili ya volti zake, nguvu inayovutwa inakaribia mara nne, kwa sababu volti zikipanda na mkondo nao unapanda. Draya nyingi za Kimarekani zimeandikwa wati 1875. Ukiichomeka Tabata, itataka kuvuta karibu wati 6900. Waya wa ndani unaiva mwekundu, plastiki inaanza kuyeyuka, na mdomo wa draya uko sentimita chache tu kutoka kichwani mwa mteja wako. Usikubali kabisa jambo hilo litokee. Kila Disemba, watu wanaporudi likizo, naletewa hapa bandani Magomeni draya na pasi zilizoungua namna hii, na mara zote naambiwa, "Lakini fundi, adapta ilikuwepo."

Sasa mwambie dada afanye hivi. Ageuze kila kifaa, asome kibandiko cha nyuma au maandishi yaliyo kwenye chaja. Kikiandikwa 100-240V, 50/60Hz, akilete bila wasiwasi. Hicho ndicho adapta inakitosha. Chaja za simu na kompyuta karibu zote ziko hivyo, na pasi za nywele nyingi pia. Kikiandikwa 120V peke yake, kwetu hakifai kuchomekwa moja kwa moja. Kuna draya za safari zenye swichi ndogo pembeni, 125 na 250, ambayo huzungushwa kwa sarafu. Hizo zinafaa, ila swichi iwekwe 250 kabla ya kuchomeka, na hapo saluni iwekewe utepe ili asije mtu akairudisha.

Utaambiwa pia habari ya transfoma ya kushusha umeme kutoka 230 hadi 120. Hiyo ni kweli, inafanya kazi. Blenda ya wati 700 naweza kuifungia transfoma ya wati 1000 ikatulia. Lakini kwa draya moja tu unahitaji transfoma ya wati 2500 hivi, chuma kizito cha kubebwa kwa mikono miwili, na yenyewe inapata joto. Pesa hiyo inanunua draya mpya za volti 230 papa hapa mjini. Mimi nisingeweka transfoma saluni, mahali penye maji sakafuni na watoto wanaopita.

Friji na mikroweve ndivyo vinavyonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu hapo tatizo si volti peke yake. Umeme wa Marekani unageuka mara 60 kwa sekunde, wetu mara 50, na transfoma haiwezi kubadilisha hilo. Kompresa ya friji lililotengenezewa hezi 60 huku inazunguka polepole, kama sehemu moja ya sita pungufu, na inachemka kuliko ilivyokusudiwa. Mikroweve ya kawaida ina transfoma yake ndani, nayo inapata taabu hiyohiyo. Hata saa yake, zile zinazohesabu mapigo ya umeme, huchelewa dakika 10 kwa kila saa. Labda vibandiko vyake viseme 220-240V, 50Hz. Visiposema hivyo, auze hukohuko, nafasi ya kontena ajaze viti vya saluni na vioo.

Fundi, nampeleka mama yangu Chennai, India, kwa matibabu. Ana pumu na hawezi kukaa bila nebulaiza yake. Tuliinunua hapa Dar, ina plagi ya miguu mitatu bapa. Itafanya kazi kule? – Mwana wa mgonjwa, Mbagala

Pole sana kwa kuuguza. Itafanya kazi. India ni volti 230 na hezi 50, sawasawa na kwetu. Kinachotofautiana ni soketi. Wao wanatumia sana matundu matatu ya duara, kama zile soketi za zamani ambazo bado zipo kwenye baadhi ya nyumba hapa mjini. Nunua adapta mbili kabla ya safari, usisubiri kutafuta usiku wa kufika mama akiwa anabanwa. Chagua inayokaza plagi barabara. Ikilegea itatoa cheche. Wodini muulize nesi kwanza, huenda wana mashine yao na wana utaratibu wa vifaa vya kutoka nje. Nebulaiza yenyewe ipande nanyi ndani ya ndege, pamoja na dawa na barua ya daktari. Mizigo hupotea, na pumu haisubiri begi.

Kaka fundi, naenda kusoma Ujerumani. Nibebe birika la umeme, ekstensheni na pawabenki yangu ya 30,000mAh? – Msomaji, Ubungo

Mdogo wangu, umeme wa kule ni volti 230, hezi 50, kwa hiyo birika lako halitaungua. Tatizo ni adapta: birika la wati 2200 linavuta karibu ampea 10, na adapta nyingi za safari zimeandikwa 6A. Pia nyingi hazina njia ya waya wa ardhi, na birika la chuma lisilo na ardhi sikushauri hata siku moja. Liache, nunua kule, ila uliza kwanza kama hosteli inaruhusu. Ekstensheni beba, ya chaja na kompyuta tu. Pawabenki hiyo ni kama watisaa 111 (Wh, kipimo cha umeme unaohifadhiwa ndani yake), na mashirika ya ndege huruhusu hadi 100 bila kuomba kibali. Waandikie kabla ya safari, au beba ya 20,000mAh, ambayo ni watisaa 74. Yoyote utakayobeba ikae kwenye begi la mkononi, si lile la kukabidhi.