Kozi ya sera za nje Washington: cheki tarehe kwanza

Mdogo wangu, umeuliza uende hiyo kozi ya kiangazi ya sera za nje za Marekani pale Washington au ubaki chuoni upige kazi, mi nasema nenda ila cheki tarehe, Agosti Kongresi, yaani bunge la Marekani, huwa likizo utaishia kupiga picha na majengo tu. Juni na Julai ndo vikao vipo, vingi vya kamati ya mambo ya nje ya Seneti, baraza la juu la Kongresi, ni wazi na hulipi hata senti, we wahi foleni jengo la Dirksen, la ofisi za Seneti, ambako kamati hiyo hukaa. Alafu hosteli nani analipa? Kodi ya kule si mchezo. Na silabasi isipogusa sheria ya mamlaka ya vita ya 1973, ile inayombana rais asipeleke jeshi vitani bila Kongresi, mi ningeshtuka, ule ugomvi wa rais na Kongresi juu ya nani aamue vita ndo somo lenyewe.