Namna ya kusikiliza albamu isiyo na kiitikio

Kazi yangu ni kurekodi kwaya hapa Moshi. Juzi mteja mmoja aliniachia flashi yenye albamu ya muziki wa majaribio, akaniomba nimwangalizie kama faili zimeharibika. Hazijaharibika. Wimbo mmoja ni fidla mbili, viola na chelo, vyote vyombo vya nyuzi. Unaofuata ni mitambo inanguruma. Wa tatu ni sauti ya mtu iliyokatwakatwa. Ndivyo muziki wa elektroakustiki ulivyo, yaani unaotungwa kwa sauti zilizorekodiwa na za mitambo, na nimeuzoea kiasi cha kuupenda, ingawa si wote.

Kwanza, usiusikilize kwa spika ya simu. Besi haitoki pale, na muziki huu hushuka hadi karibu na ukimya kisha ukapasuka ghafla. Tafuta spika za masikioni, hata hizi za machinga wa Double Road, maana sauti nyingi zimepangwa zihame kutoka sikio moja kwenda jingine. Alfajiri kabla ya bodaboda kuamka panafaa. Umeme ukikatika usiku panafaa zaidi, ilimradi jirani hana jenereta.

Pili, usianze na wimbo wa kwanza. Anza na wenye kitu unachokijua. Pierre Schaeffer, mtu wa redio wa Paris, mwaka 1948 alirekodi treni kwenye stesheni ya Batignolles, akapanga filimbi za injini na kishindo cha magurudumu vikawa kipande cha muziki cha dakika chache. Aliyewahi kusimama stesheni ya Moshi treni ya Dar ikiingia hahitaji kufafanuliwa. Na Mwafrika alishatangulia: Halim El-Dabh wa Misri, mwaka 1944 jijini Cairo, alirekodi sherehe ya zaar kwa mashine ya kunasa sauti kwenye waya, akaenda studio akaziondoa sauti za msingi za waimbaji, ukabaki mwangwi. Zaar ni ndugu wa ngoma zetu za kupunga pepo, kwa hiyo msiniambie huu ni muziki wa Wazungu tu.

Ukitaka daraja kati ya vyombo na mitambo, tafuta Different Trains ya Steve Reich, mtunzi wa Marekani, ya mwaka 1988. Watu wanaongea kwenye rekodi, na vyombo vinafuata sauti zao zinavyopanda na kushuka: viola kwa wanawake, chelo kwa wanaume. Ukishalishika hilo, fidla za kwenye albamu yako zitaacha kukutisha.

Tatu, na hapa ndipo masikio yangu yalipofunguka: jaribu mwenyewe. Nilichukua rekodi ya kengele ya usharika wetu, nikaifungua kwenye kompyuta, nikakata mwanzo wake, pale chuma kinapogonga chuma. Kipande chenyewe ni kifupi kuliko kupepesa jicho. Kilichobaki hakikuwa kengele tena. Kilikaa hewani kama mtu anapuliza zumari. Schaeffer aligundua jambo hilohilo kwa sahani za santuri. Tangu hapo nikisikia sauti ngeni sihangaiki kuuliza imetokana na nini. Nasikiliza inaanzaje, inakaa muda gani, inazimikaje.

Kuruka nyimbo ruhusa. Kuna kazi za hovyo humu kama ilivyo kwenye bongofleva, ila za huku hujificha nyuma ya maelezo marefu. Mimi husimamisha wimbo katikati: nisipotaka kujua kilichokuwa kinakuja, nafuta. Wala usiupige mbele ya wageni, watadhani redio imeharibika.

Ukinogewa ukataka kurekodi vyako, simu inatosha: mvua kwenye bati, cherehani, mashine ya kusaga. Zima kwanza data na uweke hali ya ndege, maana simu ikiita katikati unaanza upya. Na usiishike mkononi. Iweke juu ya kanga iliyokunjwa, vidole vinakwaruza kuliko unavyodhani.