Laini ya uwakala wa pesa za simu pembeni ya cherehani: ya kuwaambia mnaoanza

Wadogo zangu, juzi nimemwona binti wa saluni akimwekea mteja laki mbili kabla hajashika hata noti moja mkononi, kwa sababu mteja “ni mtu mzima, anaonekana ana hela”. Mteja alilipa, kweli, na hapo ndipo nilipoumia zaidi, maana sasa binti anaamini mambo huwa hivyo. Wiki hiyo hiyo kijana wa kutengeneza simu alimwachia mwenzake kitochi cha uwakala pamoja na namba ya siri, akaenda kula ugali. Nimevumilia nikaona nitapasuka. Naandika.

Siwaandikii wanaotaka laini iwe ndiyo kazi. Nawaandikia wenzangu wa pembeni: fundi cherehani, msusi, dada wa duka la dawa, mama wa genge. Kazi tunayo, laini tunaitafutia ada ya mtoto na hela ya umeme. Habari za TIN, leseni na kitambulisho cha NIDA mnazijua, sina haja ya kuzirudia.

1. Laini iwe ya jina lako. Najua kuna mtu kituoni anakuuzia yake, anakwambia “imeshachangamka hii, ina wateja”. Jirani yangu wa vifaa vya umeme alinunua ya namna hiyo, akapiga kazi miezi kadhaa vizuri tu, mpaka asubuhi moja simu ikakosa mtandao. Akaizima, akaiwasha. Akaitoa laini, akaifuta kwa shati, akairudisha. Wakati anaifuta, mwenye jina alikuwa ameshaweka kidole dukani na kupewa kadi mpya yenye namba ile ile, floti yote, yaani mtaji wa uwakala unaokaa kwenye simu, ikiwa ndani yake. Tangu usajili wa alama za vidole uanze, laini ni ya mwenye kidole. Jirani alikwenda polisi, akaulizwa swali moja tu, laini imesajiliwa kwa nani, akarudi zake dukani kimya kimya.

2. Meseji ya kusema pesa imeingia siyo pesa. Angalia salio. Kila mara, hata kama foleni imefika barabarani.

3. Keshi, yaani noti za mkononi, na floti. Hapa wengi mnakwama kwa sababu mnaanza na mtaji mnaugawa nusu kwa nusu, mnadhani mmetenda haki. Mtaji haugawanywi kwa haki, unagawanywa kwa kalenda. Mishahara ikitoka watu wanatoa, keshi inakata saa nne asubuhi na floti inafura huna pa kuipeleka. Jumatatu watu wa soko wanaweka ili watume kwa wanaowaletea mzigo, basi floti ndiyo inakata, umebaki na mkoba wa noti kama mtoza nauli. Jioni bodaboda wanaweka vidogo vidogo. Shule zikifunguliwa watu wanaweka za ada, floti. Sikukuu ikikaribia, keshi, tena nyingi. Kaa na daftari mwezi mmoja uone mtaa wako unapumua vipi, kisha ndiyo ugawe.

Na mfanye urafiki na wakala wa jirani. Nasema kweli. Mwenzangu wa ng'ambo ya barabara tulinuniana mwaka mzima tukigombea wateja, kumbe mara nyingi yeye ana floti imemlalia siku ambayo mimi ndiyo nimeishiwa. Leo tunabadilishana kabla ya kukimbilia kwa wakala mkuu anayetuuzia floti, ambaye foleni yake mnaijua. Lakini tunabadilishana mkono kwa mkono, sote wawili tukiwa macho, hakuna cha “nitakupa baadaye”.

4. Sasa hili. Vuteni kigoda.

Nilikuwa mweka hazina wa kikoba chetu. Tulikutana Jumapili, tukanunua hisa, tukakopeshana, tukacheka. Zamani tulikuwa na sanduku la kufuli tatu, kila ufunguo na mtu wake, baadaye tukaona ni ushamba, tukakubaliana fedha za Jumapili nizipeleke benki Jumatatu asubuhi. Na Jumatatu asubuhi, nimeshasema, floti yangu inakata. Mimi nimekaa na mkoba wa fedha zilizolala, mbele yangu watu wa soko wanageuka kwenda kwa mwenzangu ng'ambo. Nikafanya hesabu ya kijanja. Nikazinunulia floti. Wateja wakaweka, keshi ikarudi yote mkononi kabla ya jioni, Jumanne nikapeleka benki. Hakuna shilingi iliyopungua, na kamisheni nikaila mimi. Nikajiambia siibi, ninazizungusha. Nikazizungusha Jumatatu nyingi.

Kipindi hicho akaja mteja wa cherehani. Alijitambulisha kama msimamizi wa ujenzi, akaleta kitambaa kizito cha bluu nimshonee mafundi wake nguo za kazi, akatoa malipo ya awali elfu themanini bila kuomba punguzo. Mtu asiyeomba punguzo hapa kwetu Tandika, Dar es Salaam! Ningeshtuka hapo hapo, lakini nilifurahi. Akaanza kutuma hela za vibarua kupitia kwangu. Mwanzoni analeta keshi kwanza. Kisha siku moja akapiga: “Dada, niwekee elfu hamsini, dereva yuko njiani.” Dereva akafika hata sijamaliza pindo. Mara nyingine laki, dereva akafika na chenji ya soda juu. Ilifika mahali nikawa naweka kwanza halafu nauliza. Wanangu walimwita anko.

Jumatatu hiyo nilikuwa nimetoka kwa wakala mkuu, floti imejaa fedha za kikoba. Akapiga, nyuma yake kelele za magari: kuna nondo Buguruni bei ya kutupa, mwenye duka hataki kungoja, niweke milioni moja na laki nne, dereva ameshatoka na keshi. Nataka mwelewe, sikuwa na shaka hata kidogo. Nilichokuwa nacho ni muhali. Nilijisikia vibaya kumwambia mtu mwema kiasi kile “leta kwanza”. Niliona nitamvunjia heshima. Nikaweka.

Nikarudi kwenye cherehani. Nilikuwa na gauni la bibi harusi lina shanga kifuani. Nikashona shanga. Dereva hakufika. Nikapiga, inaita. Nikapiga tena, inaita. Nikajiambia foleni ya Buguruni. Shanga zikaisha. Nikapiga, haipatikani. Nilipopiga huduma kwa wateja nikaambiwa kwa sauti ya upole kwamba fedha zimeshatolewa, niende polisi. Elfu themanini ile ya malipo ya awali ndiyo bei aliyoninunulia mimi.

Lakini si hilo linaloniuma. Linaloniuma ni Jumapili iliyofuata. Nilikaa mbele ya wanawake wenzangu nikasoma hesabu ya daftari bila kupepesa macho, kila tarakimu mahali pake, ilhali laki tisa kati ya nilizosoma hazikuwepo popote duniani. Mwanachama mmoja akaomba mkopo, mama yake amelazwa. Tukapiga kura, ukapita mara moja, tena kwa vigelegele vya kumtia moyo. Kisha wote wakanigeukia mimi. Nikasema mtandao wa benki unasumbua, kesho. Yule mwenzangu akanishukuru. Akanishika mkono akanishukuru.

Usiku nikaenda kwa mwenyekiti wetu, mama mtu mzima. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Nikamweleza yote, na ya Jumatatu zile za kuzungusha pia, maana nilijua nikificha moja nitaficha na nyingine. Hakuinua kichwa mpaka nilipomaliza. Akauliza, “Mgonjwa anahitaji ngapi kesho?” Akajifunga khanga, tukatoka usiku ule ule kugonga milango ya watu aliowaamini, yeye akiomba kwa jina lake, mimi nimesimama nyuma kama mtoto aliyevunja sahani ya ugenini. Mgonjwa alitibiwa. Mimi niliuza mashine ya ovaloki, nikalipa zilizobaki kidogo kidogo, na hazina nikavuliwa mbele ya wote, kwa haki kabisa. Sanduku la kufuli tatu likarudishwa. Sina ufunguo hata mmoja.

Kitambaa cha bluu hakuja kukidai. Nilikishonea mikoba ya shule, wanangu wakatembea na ushahidi mgongoni.

Basi: mtaji wa laini ukae peke yake, usikutane na fedha ya kikoba, ya msiba, ya kanisa wala ya msikiti, hata kwa saa moja. Na hakuna muamala kabla ya keshi kuwa mkononi mwako, imehesabiwa. Awe anko, awe mjumbe, awe mama mkwe. Mama mkwe hasa.

5. Usiache kazi yako. Kamisheni ikianza kuingia mtu anaona anaweza kuuza cherehani. Wanaokumbuka Julai 2021 hawana haja ya kuelezwa. Tozo za serikali kwenye miamala ya simu zilipoanza, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kutegemea kiasi kinachotumwa au kutolewa, wateja walipotea kama wamehama mji. Watu walirudi kufungasha hela kwenye bahasha na kumkabidhi kondakta wa basi la mkoani. Septemba zikapunguzwa kwa asilimia 30, na baadaye tena, lakini miezi ile ya mwanzo mawakala wasio na kitu kingine walikunja miavuli. Mimi nilikuwa napandisha pindo za suruali. Hazina heshima kubwa, pindo, ila hazikatwi tozo.

6. LUKU, umeme wa kulipia kabla, inaleta mteja kuliko tangazo lolote. Wazee wengi wana simu lakini hawapendi menyu. Soma namba ya mita kwa sauti, mwache naye aifuate kwenye karatasi yake, kisha taja jina linalotokea kabla ya kubonyeza. Na tokeni yenye namba 20 mwandikie kwenye karatasi kwa mafungu ya nne nne, kwa maandishi makubwa. Kuna mzee wangu alirudi mara kwa mara akidai umeme niliomuuzia ni mbovu, kumbe saba yangu aliisoma moja. Sasa saba yangu naipiga mstari katikati.

7. Haya ni ya haraka haraka, yanayojieleza.

Usikatekate muamala mmoja uwe mitatu ili upate kamisheni zaidi. Kampuni zinaona, na laini ikifungiwa utaimba.

Noti ya elfu kumi ipapase, iangalie kwenye mwanga, mbele ya mteja, bila aibu. Akinuna, anune.

Anayepiga simu akisema ni mtu wa kampuni na anataka ubonyeze namba fulani “kuboresha laini”, kata. Usimjibu, usimtukane, wala usijaribu kumwonyesha kwamba wewe ni mjanja, kwani mazungumzo ndiyo anayoyataka.

Andika kila muamala kwenye daftari, na mteja asaini. Simu inaibwa, inaingia maji, inachezewa na mtoto.

Kuwa na mitandao zaidi ya mmoja ukiweza, lakini ongeza mmoja ukishaumudu wa kwanza, kwa sababu kila laini inataka floti yake na mtaji wako ni ule ule. Wateja wangu bado wanasema Tigo Pesa, najua siku hizi ni Mixx by Yas, ubao wangu umeandikwa majina yote mawili na hakuna aliyepotea.

Funga mapema. Kamisheni ya saa nne usiku haitoshi hata dawa ya jeraha.

8. Wekeni benchi. Wengi mmeweka mwavuli na meza, mteja anasimama juani akingoja meseji, anakereka, anaondoka. Mimi niliweka benchi la mbao ukutani, chini ya vitambaa vinavyoning'inia. Mteja akikaa hakupigii kelele mtandao ukizubaa, na macho yake lazima yatazame kitu. Nusu ya magauni niliyoshona Idi iliyopita ni ya wanawake waliokuja kutoa elfu kumi. Mmoja aliitoa ile elfu kumi, akanirudishia hapo hapo kama malipo ya awali, akakopa nauli kwa mwenzake wa kwenye benchi.