Usianze na kufuta kura ya turufu, fungua kwanza Ibara ya 108

Mleta mada, weka kalamu chini kwanza. Umesema mnaandaa waraka wa kurasa kumi kuhusu mageuzi ya taasisi za kimataifa: mnaanza na kufuta kura ya turufu, yaani uwezo wa kila mmoja wa wajumbe watano wa kudumu kuzuia peke yake uamuzi wa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, mnafuata na viti viwili vya kudumu vya Afrika vyenye turufu, kisha IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa), kisha WTO (Shirika la Biashara Duniani). Unauliza sura zipangweje, uandikwe kwa lugha gani na apelekewe nani. Aya yenu ya kwanza ndiyo itakayouzika waraka mzima. Nimeshaandika waraka wa namna hiyo na najua unaishia wapi, ndiyo maana sikuweza kupita kimya.

Chukua Mkataba wa Umoja wa Mataifa, nenda Ibara ya 108. Ni fupi sana. Marekebisho yanaanza kufanya kazi yakishapitishwa na theluthi mbili ya wajumbe wa Baraza Kuu, kisha yakaridhiwa na theluthi mbili ya wanachama, kila nchi kwa utaratibu wa katiba yake, wakiwemo wajumbe wote wa kudumu wa Baraza la Usalama. Sasa piga hesabu. Wanachama ni 193, theluthi mbili yake ni 129. Mnahitaji kura 129 ukumbini New York, halafu hati 129 za kuridhia, na tano kati ya hizo lazima zitoke Marekani, Urusi, China, Uingereza na Ufaransa. Huko Marekani peke yake mkataba unapita kwa theluthi mbili ya maseneta waliohudhuria.

Kwa maneno mengine, mnamtaka mwenye turufu atie saini ya kujinyang'anya turufu. Na kuna jambo ambalo wengi hawalioni: Ibara ya 108 haiweki muda wa mwisho. Nchi moja kati ya zile tano haihitaji kusimama na kusema hapana mbele ya dunia. Inatosha ikae kimya. Hata mkikusanya hati 192, hiyo moja ikibaki kwenye saraka ya wizara, maneno ya Mkataba hayasogei.

Najua mtu atakuja hapa chini kuandika "tumieni Ibara ya 109". Ndiyo, Ibara ya 109 inaruhusu kuitisha mkutano mkuu wa kupitia Mkataba, kwa theluthi mbili za Baraza Kuu na kura tisa zozote za Baraza la Usalama, na hapo turufu haifanyi kazi. Hapo ndipo waendesha warsha wanapofunga kitabu, na hapo ndipo hasira yangu ilipo. Wanawakusanya vijana wenye moyo, wanawasomea aya ya kwanza, wanawaambia shinikizo la umma litamaliza kazi, wanapiga picha ya pamoja na kuondoka. Aya ya pili ya ibara hiyo hiyo inasema mabadiliko yoyote yatakayopendekezwa na mkutano huo yataanza kutumika yakiridhiwa na theluthi mbili ya wanachama, wakiwemo wajumbe wote wa kudumu. Mlango ni ule ule, umezungushwa tu. Anayefundisha aya ya kwanza bila ya pili anawapotezea watu miaka, hata kama nia yake ni njema.

Hii haina maana kwamba Mkataba haubadiliki. Baraza la Usalama limeshapanuliwa mara moja, na nakuomba uisome habari hiyo kwa makini kuliko hotuba zote. Tarehe 17 Desemba 1963 Baraza Kuu lilipitisha azimio 1991 la kuongeza wajumbe kutoka 11 hadi 15, na kura za kupitisha uamuzi kutoka 7 hadi 9. Matokeo yalikuwa 97 kwa 11, nchi 4 zikajizuia. Angalia wale watano walivyopiga: Ufaransa na Usovieti zilikataa, Marekani na Uingereza zilijizuia, na aliyekubali ni China peke yake, ambayo wakati huo kiti chake kilishikwa na serikali ya Taipei, yaani Taiwan. Ungekuwepo siku hiyo ungesema limekufa. Lakini kufikia tarehe 31 Agosti 1965 wote watano walikuwa wamesharidhia, na mageuzi yakaanza kufanya kazi.

Kwa nini liliwezekana? Kwanza, kura ya ukumbini na hati ya kuridhia ni vitu viwili tofauti. Anayekataa Desemba anaweza kuridhia baada ya miezi ishirini. Pili, nchi zilizokuwa zimetoka kupata uhuru zilikuwa nyingi na zilishikamana, na kuzikatalia kukawa na gharama. Tatu, na hili ndilo lenye uzito kuliko yote, pendekezo halikumnyang'anya yeyote kati ya wale watano kitu alichokuwa nacho. Viti viliongezwa, turufu haikuguswa.

Sasa rudi kwenye rasimu yako. Aya ya kwanza inafuta turufu, aya ya tatu inaidai kwa Afrika. Afisa yeyote wa ubalozi ataishia hapo. Msimamo wa Ezulwini wa mwaka 2005, yaani msimamo wa pamoja wa Umoja wa Afrika kuhusu mageuzi ya Umoja wa Mataifa, una mpangilio wake: Afrika inapinga turufu kimsingi, lakini inasema maadamu ipo, wajumbe wapya wa kudumu nao wawe nayo, viti viwili vya kudumu na vitano visivyo vya kudumu. Neno "maadamu" ndilo linalobeba hoja nzima. Ninyi mmeliondoa, mkabaki na madai mawili yanayopigana.

Kanuni yangu ni moja, na naomba uifuate hata ukiyasahau mengine yote: kabla ya kuandika pendekezo, andika pembeni yake ni hati gani inabadilishwa, ibara ipi, kura ngapi zinahitajika, nani anaweza kuzuia peke yake, na huyo anapoteza nini. Pendekezo lisilojaza nafasi hizo tano halipandi ukurasa wa kwanza.

Ijaribu kwa IMF. "Kwota zigawanywe upya", yaani mafungu ya michango ya nchi yanayoamua uzito wa kura zao, inahitaji asilimia 85 ya nguvu zote za kura. Marekani ina takribani asilimia 16.5, kwa hiyo inazuia peke yake. Mageuzi yaliyoidhinishwa na magavana, yaani wawakilishi wa nchi wanachama, Desemba 2010 yalianza kutumika tarehe 26 Januari 2016, baada ya kusubiri Bunge la Marekani zaidi ya miaka mitano. Lakini kiti cha tatu cha nchi za Afrika kusini mwa Sahara kwenye Bodi ya Wakurugenzi, kilichoanza Novemba 2024 na kuifanya bodi kuwa na viti 25, hakikuhitaji kurekebisha mkataba wa shirika. Magavana wanaweza kubadilisha idadi ya wakurugenzi kwa asilimia 85 ile ile, na hakuna aliyepunguziwa kura. Ila msikitukuze kupita kiasi: mkurugenzi hupiga kura za nchi zilizomchagua, kwa hiyo kiti kimeongeza sauti mezani, hakikuongeza hata kura moja.

WTO kwa kifupi: chombo cha rufaa za migogoro ya biashara kinatakiwa kuwa na wajumbe 7, kesi husikilizwa na 3, na uteuzi ni wa maafikiano, yaani nchi moja ikipinga haupiti. Marekani ilizuia uteuzi, na Desemba 2019 akabaki mjumbe mmoja. Sasa anayeshindwa hukata rufaa ambayo hakuna wa kuisikiliza, kesi ikaganda. Nchi kadhaa ziliunda mwaka 2020 usuluhishi wa muda wa rufaa kwa kutumia Ibara ya 25 ya utaratibu wa WTO wa kutatua migogoro, ambayo tayari ilikuwepo. Unawafunga waliojiunga tu, lakini unafanya kazi.

Kuhusu turufu yenyewe, kama moyo unawauma kama unavyoniuma mimi, kuna mawili ya kudai bila kugusa Mkataba. Moja limeshapatikana na linafaa kukazwa: azimio 76/262 la tarehe 26 Aprili 2022, lililoletwa na Liechtenstein na kupita bila kupigiwa kura, linamtaka Rais wa Baraza Kuu aitishe kikao ndani ya siku 10 za kazi kila turufu inapopigwa. La pili limo ndani ya Mkataba tangu 1945 na karibu kila mtu analiruka: Ibara ya 27, aya ya 3, inasema katika maamuzi ya Sura ya VI, inayohusu kutatua migogoro kwa amani, aliye upande mmoja wa mgogoro lazima ajizuie kupiga kura. Imeandikwa "lazima", wajumbe wa kudumu hawakuachwa nje. Haifiki Sura ya VII penye vikwazo na majeshi, na hilo mliseme wazi. Lakini kudai sheria iliyopo itekelezwe hakuhitaji hati hata moja ya kuridhia. Kunahitaji mjumbe mmoja wa Baraza anyooshe mkono kabla ya kura na kuuliza kama nchi fulani ni mhusika wa mgogoro, na swali liingie kwenye kumbukumbu za kikao.

Wajumbe kumi wasio wa kudumu wanaweza kuuliza hivyo, na wa Afrika ni watatu. Hilo liwekeni aya ya kwanza. Turufu kufutwa ipelekeni mwisho, mkiiandika kwa ile "maadamu" ya Ezulwini.