Onesho Nililolikosa na Onesho Nililofika

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa Wete, Pemba, fundi wa kofia za mkono, aliyeniandikia hivi: "Dada, nimesikia ulifika Uingereza kwenye onesho la kwilti. Na mimi natamani kwenda mwakani. Nianzie wapi?" Nilimjibu kwa mistari miwili, kisha nikaona haya, kwa sababu mistari miwili ndiyo niliyopewa mimi nilipouliza suali hilohilo, na upungufu wake ulinigharimu mwaka mzima na fedha ambazo hadi leo sijazisahau. Kwa hiyo namjibu upya hapa, kwa urefu, na anayetamani kama yeye naye asome.

Wasioijua kwilti waelewe kwamba ni shuka nzito ya tabaka tatu: juu kitambaa kilichoungwa kwa vipande, katikati pamba iliyotandazwa, chini kitambaa kizima, na zote tatu hushikanishwa kwa mishono inayopita hadi upande wa pili. Kazi hiyo ya kushikanisha tabaka wazee wetu waliiita kudarizi, neno ambalo siku hizi tumelibakishia mapambo ya nguo peke yake. Mimi nilianza kwa mabaki ya kanga yaliyokuwa yakirundikana chini ya cherehani yangu pale Mwanakwerekwe, nikiunga viraka vya pindo na vya mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga, bila kujua kwamba kuna watu duniani wanaokusanyika kwa maelfu kutazama kazi ya namna hiyo.

Maonesho makubwa ni kadhaa. Marekani kuna la Houston, Texas, linalofanyika kwao majira ya mapukutiko, na kuna la Paducah, mji mdogo wa Kentucky wenye makumbusho kamili ya kwilti, ambalo huwa mwezi wa Aprili. Mimi nilichagua Festival of Quilts la Birmingham, Uingereza, lililoanza mwaka 2003 na ambalo hufanyika kwa siku nne, Alkhamisi hadi Jumapili, mwisho wa Julai au mwanzo wa Agosti, katika kumbi kubwa za maonesho ziitwazo NEC. Sikulichagua kwa sababu ya ubora wake. Nililichagua kwa sababu binamu yangu anaishi Coventry, na kutoka Coventry hadi kituo cha treni kilichopo mlangoni pa kumbi hizo ni mwendo wa dakika chache tu. Nakushauri na wewe uchague hivyo. Onesho la karibu na jamaa yako litakufaa kuliko onesho kubwa lililo mbali naye.

Sasa nieleze lile nililolikosa.

Mwaka wa kwanza nilifanya kila kitu nyuma mbele. Jambo la awali kabisa nililolifanya, mnamo Februari, lilikuwa kulipia nafasi katika darasa la huko oneshoni, la mshono wa pembe sita, ule ambao kila kipande hushonewa juu ya karatasi, kikapigwa bandi, yaani mishono mirefu ya kushikiza, kisha vipande vikaunganishwa kwa mkono na karatasi zikatolewa. Nililipa mtandaoni kwa kadi ya shemeji yangu, nikafurahi, na furaha yangu nikaitangaza. Hapo ndipo nilipokosea zaidi. Niliwaambia wenzangu wa ushirika, nikamwambia jirani, jirani akaieneza shehia nzima, na kufikia Mwezi Mtukufu nilikwisha kuitwa "mwenye safari ya Ulaya" na watu ambao sikuwa nikijuana nao hata kwa salamu.

Viza sikuishughulikia. Nilikuwa nikisubiri upatu wetu, kwa kuwa zamu yangu ilikuwa mwezi wa Juni, na nilijiambia kwamba pasipo fedha hakuna maombi. Zamu ilipofika nilizichukua zote kwa mkupuo, nikaziingiza benki siku hiyohiyo, na wiki hiyohiyo nikajaza fomu. Nilipojitazama baadaye kwa jicho la mgeni nilishangaa: akaunti iliyokuwa na shilingi za kununulia uzi imevimba usiku mmoja, na mwenyewe siku ya pili anaomba kusafiri. Hata mimi ningejitilia shaka.

Miadi ya kuchukuliwa alama za vidole niliipata mwanzoni mwa Julai, Dar es Salaam. Nilipanda boti ya asubuhi kutoka bandari ya Malindi nikiwa na bahasha yangu ya vyeti, na ndani yake kilichokuwa kikinipa ujasiri zaidi ni barua ya sheha, yenye muhuri, inayothibitisha kuwa mimi ni mkaazi, nina nyumba, nina watoto wawili skuli na nina kazi inayonirudisha. Msichana aliyekaa jirani yangu kwenye foleni aliiona, akaniuliza kwa upole, "Mama, hii umeitafsirisha?" Sikuwa nimeitafsirisha. Kila karatasi isiyo ya Kiingereza inatakiwa iambatane na tafsiri iliyothibitishwa na mfasiri, yenye jina lake, saini na tarehe, na mimi nilikuwa na nne za Kiswahili kitupu: barua ya sheha, cheti cha ndoa, katiba ya ushirika na barua ya mwenye duka anayeniuzia vitambaa. Niliahirisha miadi, nikarejea Unguja kwa boti ya jioni nikiwa nimenyamaza safari nzima, nikatafuta mfasiri, nikapata miadi nyengine katikati ya mwezi.

Majibu ya maombi ya kawaida huchukua takriban wiki tatu tangu siku ya alama za vidole. Hesabu ni rahisi na nilikuwa naijua, ila nilichagua kutoihesabu. Viza nilipewa, namshukuru Mungu, na habari yake ilinifikia Jumatatu asubuhi, siku moja baada ya onesho kufungwa.

Huko nyuma nilikuwa nimekwisha kufanyiwa dua ya safari, na ubani ukafukizwa. Mwenzangu mmoja katika ushirika, ambaye tumekaa mkeka mmoja miaka sita, aliwaambia wengine kwamba safari haikuwapo tangu asili na kwamba nilikuwa nikitafuta kutajwa. Maneno yale yalinifikia siku ya tatu. Sikumjibu wakati ule na sitamtaja leo, lakini yeye atajijua akisoma, na ajue kwamba nafasi ile ya darasa niliyoilipia kwa jasho alikaa mtu mwengine.

Kwa hiyo, dada yangu wa Wete, ushauri wangu wa mwanzo ni huu: hesabu siku kutoka mwisho kuja mwanzo. Iandike siku ya ufunguzi, kisha rudi nyuma. Maombi ya viza ya mgeni hayapokelewi zaidi ya miezi mitatu kabla ya tarehe ya safari, kwa hiyo kwa onesho la mwisho wa Julai mlango unafunguka mwisho wa Aprili, na mwisho wa Aprili ndipo uwe umekaa mlangoni na bahasha iliyokamilika. Tafsiri ziwe tayari Machi. Fedha ziwe zimekaa benki tangu Januari, zikiingia na kutoka kama fedha za mtu mwenye shughuli. Mwaka wa pili niliwaomba wenzangu wanipe zamu ya mwanzo ya upatu, nikaambatanisha na barua ya kikundi inayoeleza fedha zile zimetoka wapi, na barua yenyewe nikaitafsirisha. Darasa usililipie kabla ya viza. Wala usimwambie mtu. Nitalirudia hili kwa sababu sisi watu wa visiwani hatulisikii mara moja: usimwambie mtu, isipokuwa atakayekulelea watoto na atakayekupokea.

Mwaka wa pili majibu yalikuja mwishoni mwa Mei, na nilikaa nayo wiki nne kimya. Ya ndege sina la kusimulia, ila jueni kwamba kutoka Dubai zipo ndege zinazotua Birmingham kwenyewe, na uwanja ule umepakana na kumbi za onesho, kwa hiyo hapana haja ya kuzungukia London. Mkasi mkubwa na kisu cha gurudumu cha kukatia vitambaa vitie katika begi linaloingia tumboni mwa ndege. Mkasi wenye makali yanayozidi sentimita sita hautakiwi katika begi la mkononi kwenye viwanja vya Uingereza, na kuupoteza mkasi uliouzoea mkono ni msiba mdogo. Sindano na kastabini nilikuwa nazo mapajani njia nzima.

Siku ya kwanza katika kumbi zile niliipoteza. Niliingia kama mtu anayeingia soko la Darajani siku ya mkesha wa sikukuu, nikavutwa na kila rangi, nikasimama mbele ya kila meza ya muuza vitambaa, na saa tisa ya mchana nilijikuta nimekaa sakafuni karibu na ukuta, viatu nimevivua, na katika zile kwilti zilizoshindanishwa sijaona hata robo. Kosa lilikuwa kwenda bila suali. Usiku ule nyumbani kwa binamu niliichukua ramani ya kumbi, nikaandika masuali matatu tu: wanazimaliziaje pembe, wanashonaje mviringo bila kitambaa kukunjamana, na wanawezaje kuzitundika shuka nzito zisining'inie upande. Kuanzia Ijumaa nilitembea na masuali hayo, na siku tatu zikanitosha.

Kwilti haziguswi. Katika maonesho mengi makubwa wapo wahudumu waliovaa glavu nyeupe, na ukimwomba mmoja wao kwa adabu atakufunulia pembe ya shuka uone upande wa nyuma. Ombeni sana kuoneshwa upande wa nyuma. Mbele ya kwilti kila mtu anaona uzuri, ila nyuma ndiko unakoona mafundo yamefichwa wapi na mkono ulichoka mahali gani, jambo ambalo kwa fundi wa kofia halihitaji maelezo, maana kofia nasi huigeuza ndani nje kabla ya kutaja bei.

Vitambaa huuzwa kwa kipimo wanachokiita robo nene, nacho kinawachanganya wengi. Robo ya yadi ya kawaida ni ukanda mwembamba wa inchi tisa kwa upana wote wa kitambaa, ila robo yao hukatwa kwa kuigawa yadi katikati pande zote mbili, ukapata kipande kinachokaribia mraba, kama inchi 18 kwa 22. Kinafaa kukatia maua makubwa. Bei yake, hata hivyo, ukiigeuza kuwa shilingi inaumiza, na mimi nilinunua vinne tu, nikijikumbusha kwamba kwa fedha hizohizo nyumbani ningepata doti kadhaa za kanga.

Jambo jengine ni la kuuza. Mwaka ule wa kwanza nilikuwa nimepanga kubeba shuka kumi na moja za kuuza, na laiti ningefika ningejitia mashakani, kwa kuwa viza ya mgeni hairuhusu kuuzia watu bidhaa mkono kwa mkono. Mtu anayekwambia "beba tu, utauzia kichochoroni" hakutakii mema. Mwaka wa pili nilibeba kazi moja, nayo haikuwa ya kuuza.

Na kazi hiyo ndiyo iliyonipa siku yangu. Ilikuwa kwilti ndogo ya mabaki ya kanga, nimeishona kwa namna ya kawandi, ambayo ni kwilti ya wanawake wa Kisiddi wa Karnataka, India, watu ambao asili yao ni huku kwetu Afrika. Wao hawaungi vipande kwanza. Huanzia ukingoni, wakaweka kiraka juu ya kitambaa, wakakishona kwa mshono wa bandi unaopita tabaka zote, kikafuata chengine, wakazunguka wakielekea katikati mpaka shuka ikajaa. Nilijifunza kwa picha na video, na kukosea mara nyingi. Jumamosi nilikuwa nimekaa kwenye benchi nikila chapati za binamu, kazi imetandikwa magotini, akaja bibi mmoja wa makamo, akainama, akauliza kwa utulivu kama nimetoka kwa Wasiddi. Nilimwambia nimetoka Zanzibar. Akakaa. Tulizungumza kwa muda wa saa nzima, Kiingereza changu kikiwa cha kuokoteza, na alitaka kujua maneno yaliyokatika katika vile viraka yalikuwa yakisema nini, kwa kuwa alikwisha kung'amua kwamba kanga ina jina lake. Nilimsomea nusu za majina. Alicheka. Walikuja wengine wawili, kisha wanne. Wala sioni haya kusema kwamba siku ile, katika ukumbi uliojaa mafundi, kulikuwa na foleni mbele ya benchi langu.

Niliporejea niliwaonesha wenzangu picha, na yule mwenzangu naye alizitazama. Hakusema kitu. Nami nilimtengea robo moja nene katika zile nne, ya buluu, nikampa, ingawa nakiri kwamba nilimpa mbele za watu.

Dada yangu wa Wete, wewe una boti mbili za kuhesabu, ya Mkoani na ya Dar es Salaam, kwa hiyo miadi yako iweke siku ya pili baada ya kufika, usiweke siku ileile, maana bahari haijui miadi. Kofia utakayobeba isiwe iliyokwisha. Beba iliyofika nusu, na uzi wake na sindano yake, kwa sababu atakayekaa karibu nawe atakuuliza vile vitundu unavitoaje, na hapo Kiingereza hukihitaji.