Maswali yenu kuhusu Shakespeare, nimejibu matano

Tangu nimwongelee Shylock, yule Myahudi mkopeshaji wa kwenye Mabepari wa Venisi, hapa maswali hayakomi, nimechukua haya, mengine nipeni muda.

Vile vipindi vinne vya Shakespeare tulivyokaririshwa shule, alivigawa mwenyewe?

Wala. Ni Edward Dowden, profesa wa Dublin, miaka ya 1870 huko, Shakespeare kashazikwa zaidi ya miaka 250. Dowden akasema jamaa kwanza yuko karakana anajifunza kazi, afu anaingia duniani, afu anazama shimoni na huko ndo zinatoka tanzia, mwisho yuko kileleni katulia. Kwa mtihani sawa, ila inawafanya watu wadhani mtu akiwa na majonzi basi anaandika majonzi. Mwanae wa kiume wa pekee, Hamnet, alifariki Agosti 1596 ana miaka 11, na miaka hiyo hiyo baba mtu yuko London anamwandika Falstaff, lile zee nene la pombe na uongo, watazamaji mbavu hawana. Sasa hilo shimo liko wapi?

Mabepari wa Venisi inaitwaje komedi wakati Shylock anaharibikiwa vile?

Komedi ya enzi zile usitafute kichekesho kwanza, angalia inaishaje. Ikiisha kwa ndoa komedi, ikiisha kwa maiti tanzia, kwa ufupi ndo hivyo. Mabepari ina ndoa tatu, Portia na Bassanio, Nerissa na Gratiano, Jessica binti wa Shylock na Lorenzo, na Shylock akishashindwa kesi, kalazimishwa kubadili dini na mali inaenda kwa mkwe asiyemtaka, anatoka stejini na sehemu ya tano yote humwoni tena, wenzake wanapigiana stori za mwezi na muziki. Mi huwa siwezi kucheka hapo. Halafu mwangalieni Nyerere, alipoitafsiri ikatoka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, jina la Kiingereza ni Merchant, yaani mfanyabiashara, na neno wafanyabiashara lilikuwepo ila yeye kaandika mabepari. Alijua anachofanya yule mzee.

Juliasi Kaizari si historia? Mbona wanaiweka kwenye tanzia?

Lawama wapelekeeni Heminges na Condell, waigizaji wenzake waliokusanya tamthilia 36 kwenye kitabu kimoja mwaka 1623, yeye kafariki 1616. Wakagawa mafungu matatu: komedi 14, historia 10, tanzia 12. Historia kwao ni wafalme wa Uingereza tu, kuanzia John mpaka Henry VIII. Kaizari ni Mroma, Macbeth ni Mskoti, basi wakatupwa tanzia. Hata Cymbeline wameiweka huko na inaisha kwa amani! Ila tuwasamehe, maana tamthilia 18 kati ya hizo zilikuwa hazijawahi kuchapwa, ikiwemo hiyo Kaizari, Macbeth na Tufani, bila wao huenda leo tusingekuwa nazo.

Kama sio huzuni, nini kilikuwa kinambadilisha?

Kazi yenyewe, jamani. Huyu alikuwa mwanahisa wa kikundi, anaandikia watu anaowajua na ukumbi anaoujua. 1592 mpaka 1594 tauni imefunga kumbi za London muda mwingi, akageukia mashairi marefu. 1594 kikundi kipya, kazi ya uhakika. 1599 wanafungua ukumbi mpya, Globe, mbao wamezibomoa kwenye ukumbi wao wa zamani, na karibu muda huo huo mchekeshaji wao Will Kemp anaondoka, anakuja Robert Armin ambaye ni mwimbaji na maneno yake yana makali, ndo maana kuanzia hapo wale wapumbavu wa kwenye tamthilia wanakuwa na akili kuliko mabwana zao, msome yule wa King Lear uone. Na tanzia kubwa kubwa zilikuwa na mtu wa kuzibeba, Richard Burbage, ndiye aliyecheza Hamlet, Othello na Lear. 1603 anaingia mfalme James kutoka Scotland, anakichukua kikundi kuwa chake, hamchelewi mnaona Macbeth ya Scotland na wachawi. Baadaye, 1609 hivi, wakapata Blackfriars, ukumbi wa ndani, mishumaa, muziki, tiketi ghali, na zile tamthilia za mwisho za ndoto na watu waliopotea wakaonekana tena zilikaa vizuri sana mle, ingawa Pericles, mojawapo ya hizo, ilitangulia ukumbi huo kidogo.

Tufani ndo ya mwisho, si ndiyo? Prospero, yule mchawi wa humo, anaaga kama vile ni Shakespeare mwenyewe.

Inapendeza kuamini hivyo, ila hapana. Tufani ni ya 1611 hivi, na baada yake aliandika tena pamoja na kijana John Fletcher, mojawapo ni Henry VIII. Hiyo ndo ilikuwa inachezwa Globe tarehe 29 Juni 1613 walipofyatua mzinga kumkaribisha mfalme wa kwenye igizo, cheche zikadaka paa la nyasi na ukumbi wote ukateketea. Barua ya wakati ule inasema hakufa mtu, ila jamaa mmoja suruali ilishika moto akaizima kwa chupa ya bia.