Bwawa la kuogelea limekuwa vuguvugu

Ndugu, umesema maji ya bwawa lako yamefika nyuzi 33 na unataka kumwaga barafu. Usijisumbue. Kwenye lita 50,000, kilo 100 za barafu hazishushi joto hata nusu nyuzi. Kinachopoza kweli ni maji kugeuka mvuke. Washa pampu usiku, hewa ikiwa baridi, na uelekeze midomo ya kurudishia maji juu ili yaruke kama chemchemi. Yanayogeuka mvuke huondoka na joto. Kifuniko cha plastiki kiondoe usiku, ndicho kinachofungia joto. Mchana tanda turubai la kivuli juu ya bwawa. Maji yatapungua, ongeza. Na tafadhali, kwa usalama wa watoto, pima klorini kila siku: jua na joto huimaliza haraka mno.